Bwawa Jipya Halipandwi Samaki Siku ya Kujazwa Maji

(Somo kwa vyama wanachama. Limetayarishwa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika.)



Somo la toleo hili linahusu bwawa la samaki, na limeandikwa kwa kuwafikiria hasa wanachama wa Chole na vijiji vinavyopakana nayo, ambako swali la bwawa huletwa katika mikutano ya vyama vya msingi kila msimu wa korosho unapokwisha na fedha kidogo zikabaki mkononi. Swali hilo ni jema. Samaki wa baharini hutufikia sisi wa bara ya Kisarawe wakiwa wamekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono huongeza bei. Mwenye bonde lenye maji ana haki ya kujiuliza kwa nini asivue nyuma ya nyumba yake.

Hata hivyo mkaguzi hana budi kusema yale anayoyakuta katika madaftari. Katika hesabu za vyama vilivyojaribu ufugaji huu, hasara iliyo kubwa kuliko zote aghalabu hutokea katika wiki mbili za kwanza, kabla ndege hajaliona bwawa na kabla mwizi hajapata habari. Chama kimoja, ambacho si lazima kukitaja, kilikopa fedha kikachimba bwawa zuri la mita ishirini kwa kumi. Siku ya Jumatano maji yakajazwa. Alhamisi samadi mbichi ya ng'ombe ikamwagwa yote kwa pamoja. Jumamosi, mbele ya mgeni rasmi, vifaranga mia nane wakamiminwa kutoka katika mifuko ya plastiki huku ngoma ikilia. Jumatatu alfajiri walikuwa wanaelea. Katika daftari la chama niliikuta gharama ya vifaranga imeandikwa chini ya fungu la sherehe, na kwa namna fulani mwandishi hakukosea.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza Tanganyika mwaka 1949, huko Korogwe katika Tanga na Malya katika Mwanza. Kufikia mwaka 1968 yalikuwa yamechimbwa mabwawa yapata 8,000 nchini, mengine madogo kiasi cha mita za mraba 20, na mengi yakaachwa kuwa vidimbwi vya majani. Sababu zilizoandikwa na wataalamu ni utunzaji mbaya, ufundi usiofaa na ukame. Yafaa tuisome historia hiyo kabla ya kuomba mkopo mwingine.

Tuanze na maji, kwa kuwa hapo ndipo hesabu ya kwanza ilipo. Chukua bwawa la mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200, lenye kina cha wastani cha mita moja. Maji yake ni lita 200,000. Kwa madebe ya lita 20 hayo ni madebe 10,000. Hakuna mama wala kijana atakayeyachota kwa kichwa, na wala asiulizwe. Maji hayana budi kuja yenyewe kwa mtelemko, au yatoke katika chemchemi ya bondeni, au yavutwe kwa pampu ambayo mafuta yake yamekwisha kuwekwa katika makisio. Aidha, maji yakishuka sentimita moja kwa siku kwa kunyonywa na udongo na kukaushwa na jua, zimepotea lita 2,000, yaani madebe mia moja kila siku ya Mungu. Wakati wa masika hutaliona tatizo hili. Utaliona mwezi wa Agosti.

Kwa hiyo udongo hupimwa kabla ya jembe. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya Kisarawe ni kichanga, na udongo wa mfinyanzi hupatikana zaidi mabondeni. Finyanga udongo mbichi uwe kama ngumi, urushe juu na kuudaka. Ukivunjika mkononi, hapo si mahali pa bwawa. Ukishikamana, endelea na kipimo cha pili. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji asubuhi mpaka ukingoni. Jioni jaza tena kile kilichopungua, kisha funika kwa matawi na majani ya mnazi. Asubuhi ya pili ukikuta maji mengi bado yamo, mahali hapo panafaa. Kipimo hiki hakigharimu shilingi hata moja, lakini nimeona andiko la mradi lenye kurasa nyingi ambalo shimo lake halikuchimbwa.

Bwawa lenyewe liwe na kina cha sentimita 80 hivi upande wa kuingilia maji, na mita moja na robo hadi moja na nusu upande wa kutolea, ili siku ya kuvua maji yote yakimbilie upande mmoja. Kingo zilazwe, zisisimame wima kama ukuta wa kisima, na ziinuke sentimita 30 juu ya maji. Majani marefu ya kandokando yafyekwe daima: konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu hupenda kivuli hicho. Anayetaka kuchepusha maji ya kijito aulize kwanza Bodi ya Maji ya Bonde husika kuhusu kibali cha kutumia maji, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ampate Afisa Uvuvi wa Wilaya akiwa bado hajachimba.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, yaani kule kungoja.

Ili jambo hili lieleweke, nawaomba wasomaji waniruhusu kutoka Chole kwa muda na kuingia sebuleni mwa mtu wa mbali. Wako watu, hasa Ulaya, Marekani na Japani, wafugao samaki wa miambani ndani ya sanduku la kioo: kitatange, kangaja na wengine kama wale ambao ndugu zetu wa Mafia na Kilwa huwaona kila siku penye matumbawe. Sanduku la nyumbani huweza kuchukua lita mia mbili au tatu tu. Maji yake hutengenezwa kwa chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita. Joto hushikwa katika nyuzi 25 hadi 27 za Sentigredi. Taa hufanya kazi ya jua, na pampu hufanya kazi ya mawimbi. Baada ya gharama zote hizo, maji yakiwa meupe kama ya bahari ya Bongoyo, mfugaji mwenye busara hatii humo samaki hata mmoja kwa muda wa wiki nne hadi sita, na pengine zaidi.

Angoja nini? Angoja vijidudu. Samaki anapopumua, mashavu yake hutoa amonia, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Hii ni sumu. Kuna jamii ya vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kisha jamii nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Mtaalamu Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuvitenga vijidudu hivyo, akiwa Zürich, mwaka 1890. Alikuwa akichunguza udongo, na wakulima ndio waliomshukuru kwanza, kwa sababu ni kazi hiyo hiyo inayoifanya samadi iwe chakula cha mmea. Vijidudu hivyo huishi juu ya mawe, mchanga na ukuta, na huongezeka polepole mno vikilinganishwa na vijidudu vya kuoza. Mfugaji wa kioo hupima maji kila siku chache. Kwanza huona amonia ikipanda, kisha inashuka. Ndipo nitriti hupanda, nayo ikashuka. Zote mbili zikifika sufuri, hutia samaki mmoja au wawili walio wagumu, akangoja tena. Matumbawe huja baadaye kabisa.

Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza katika jarida la Marekani namna alivyowaweka hai samaki na matumbawe kwa mawe hai yaliyotolewa baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu, pasipo mitambo mingi. Habari hiyo iliwashangaza watu wa nchi za baridi. Sisi tusishangae: alikuwa na jua, na mawe yake yalikuwa yamekwisha kukaliwa na vijidudu. Alihamisha wafanyakazi pamoja na kiwanda.

Wako vijana waliouliza kama samaki hao wa miambani waweza kufugwa Chole na kuuzwa mahotelini. Kwa maoni yangu, hapana. Maji ya bahari hayana budi kusombwa kutoka pwani, umeme ukikatika usiku mmoja mali yote hupotea, na matumbawe magumu hayauzwi nje bila kibali cha mkataba wa kimataifa wa CITES. Kadhalika visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini mbele ya Dar es Salaam vimehifadhiwa tangu mwaka 1975, na Mafia imekuwa na hifadhi ya bahari tangu 1995. Huko mtu hachukui jiwe kwa kuwa amelipenda. Tuuchukue ufundi wao wa kungoja, tuwaachie masanduku yao.

Katika bwawa la udongo kazi ni ile ile, ila tunao wasaidizi wengi zaidi. Tope la chini ni makao ya vijidudu. Juu yake, ndani ya maji, huota mimea midogo sana ambayo humeza amonia kama mahindi yanavyomeza mbolea, huyapa maji rangi ya kijani, hutoa hewa ya oksijeni mchana kutwa, na tena huliwa na perege wenyewe. Bwawa ambalo maji yake yamekuwa kijani ni shamba lililokwisha kuota. Bwawa la maji meupe ni shamba tupu, ijapokuwa mgeni rasmi hulisifu zaidi.

Matayarisho yaende hivi. Bwawa likiwa kavu, nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, yaani kilo 20 hadi 40 kwa bwawa la mfano wetu, zaidi pale udongo ulipo mchachu. Acha kwa wiki moja. Jaza maji kwa kiasi cha nusu, mdomo wa bomba ukiwa umefungwa wavu mwembamba ili kambale wa mwituni na mayai ya vyura wasiingie. Kisha tia mbolea kidogo kidogo: samadi ya kuku iliyokauka, kilo 5 hadi 10 kwa mita za mraba 100 kwa wiki, katika gunia au katika zizi dogo la fito lililojengwa pembeni mwa bwawa, si kwa kumwaga katikati. Samadi mbichi ikitiwa kwa wingi, vijidudu vya kuoza huishambulia na kuimaliza oksijeni yote majini. Hivyo ndivyo walivyokufa vifaranga wa yule mgeni rasmi. Mia nane katika mita za mraba 200 tayari walikuwa wengi mno, lakini samadi iliwatangulia.

Baada ya siku 7 hadi 14 za jua maji huanza kubadilika rangi. Ongeza maji mpaka yafike kina chake. Kipimo cha mkulima ni mkono wake: zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yakifika karibu na kiwiko, bwawa li tayari. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi. Acha kutia, ongeza maji safi. Ukiona kucha zako hata maji yakipita kiwiko, ngoja.

Nina neno la pekee kwa wale waliotandika plastiki kwa sababu ya kichanga. Plastiki ni msaada mkubwa, ila bwawa lako sasa limekuwa ndugu wa lile sanduku la kioo: halina tope, halina makao ya vijidudu, na chakula kinachobaki hakina pa kufukiwa. Tandaza udongo wa bondeni sentimita chache chini, leta ndoo kadhaa za maji ya kijani kutoka bwawa la jirani ambalo samaki wake wana afya, na ngoja muda mrefu zaidi. Na kama maji yako ni ya kisima kirefu, yaangushwe kutoka juu yapigwe na hewa, kwa kuwa maji ya chini sana hutoka yakiwa na oksijeni haba.

Hata mkono ukikuambia tayari, usiamini kwa fedha ya chama. Shona kizimba cha chandarua kikuukuu ambacho hakikutiwa dawa, kisimamishe majini kwa vijiti vinne, tia vifaranga kumi, walale humo siku moja au mbili. Wakiwa hai na wepesi, agiza waliobaki. Wakifa, umepoteza kumi.

Sasa mbegu. Perege ndiye wa kuanza naye: hula vitu vingi na huvumilia joto letu. Tatizo lake ni uzazi. Jike hutamia mayai kinywani na huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, mwili wake ukiwa haujafika hata mezani. Baada ya miezi sita mfugaji huvua samaki maelfu wenye ukubwa wa kidole. Dawa yake ni kununua vifaranga wa dume tupu, au kuwatia baadaye kambale wachache, wadogo kuliko perege waliokwisha kupandwa, wawale watoto. Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani tulitakiwa kulijua zamani. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling alichapisha matokeo ya majaribio ya Malacca, huko Malaya, ambako perege dume waliotoka Unguja walipandishwa kwa perege jike waliofika huko kupitia Java. Vifaranga wao karibu wote wakawa dume. Samaki wote wawili asili yao ni mashariki ya Afrika. Tuliusafirisha utajiri huo bila hati ya mizigo.

Vifaranga wanunuliwe mahali panapojulikana, kama vile kituo cha Kingolwira karibu na Morogoro, au kwa wazalishaji watakaoonyeshwa na Afisa Uvuvi. Mbegu ya kuokota katika bwawa la jirani aghalabu ni samaki waliodumaa, wazee wenye sura ya watoto. Pia funga wavu katika mlango wa kutolea maji. Sato wa ziwani si mwenyeji wa mito yetu, na akitoroka huzaliana na perege wa Rufiji na Ruvu, akaiharibu mbegu ya asili.

Muuzaji awafungishe vifaranga siku moja kabla ya safari ili wasichafue mfuko. Wasafirishwe alfajiri au jioni. Wakifika, mfuko usifunguliwe; uelee juu ya bwawa kwa dakika 15 hadi 30, joto la ndani na la nje lilingane, kisha maji ya bwawa yaingizwe kidogo kidogo, na mwishowe samaki waachwe watoke wenyewe. Wawe wawili kwa kila mita ya mraba, wasizidi watatu. Kwa bwawa letu hao ni 400, na fedha ya hao wengine mliotamani kuwaongeza inunue chakula.

Naam, chakula. Hapa huruma huua kuliko njaa. Vifaranga 400 wenye gramu 10 kila mmoja wana uzito wa kilo 4 kwa jumla. Asilimia 5 ya uzito huo ni gramu 200 kwa siku, yaani makonzi machache ya pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu na unga wa dagaa. Nimemwona mzee mmoja akiwamwagia ndoo nzima kwa mapenzi. Kilichobaki kilioza, na amonia hiyo tuliyoieleza haijui mapenzi. Walishwe mara mbili kwa siku, mahali pamoja, saa zile zile. Chakula kikielea baada ya robo saa, kesho punguza. Kila mwezi vua samaki 30, wapime kwa pamoja. Wakiwa na kilo 2.4, kila mmoja ana gramu 80. Ikiwa mnakadiria kuwa hai ni 380, bwawani mna kilo 30 na ushei, na asilimia 3 ni gramu 900 hivi za chakula kwa siku.

Bwawa lichunguzwe alfajiri kabla ya jua, wala si saa nne. Ile mimea ya kijani itoayo oksijeni mchana huivuta yenyewe usiku, na saa kumi na moja ya alfajiri ndipo hewa majini huwa kidogo kuliko wakati wote. Samaki wakionekana midomo juu, wanahema, siku hiyo hawapewi chakula wala mbolea. Fungulia maji mapya, au piga maji kwa matawi mpaka jua litoke.

Nakuja sasa kwenye sehemu inayonihusu kikazi. Bwawa ni la nani? Nimefikia maoni, na mwenye maoni mengine aniandikie, kwamba bwawa moja la chama zima halitunzwi vizuri, kwa sababu hakuna mtu wa kuliendea alfajiri. Yafaa kila kaya iwe na bwawa lake, na chama kifanye yale ambayo kaya moja haiwezi: kuagiza vifaranga kwa pamoja, kukodi gari moja, kununua mizani, kununua kokoro moja la kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kupanga kalenda ya kuvua. Hilo la kalenda lisidharauliwe. Mabwawa matano yakivuliwa wiki moja, bei ya samaki Chole huanguka kabla ya adhuhuri na wengine huoza. Yakivuliwa kwa zamu, kijiji hula samaki mwezi mzima na mwuzaji hashikwi kooni.

Kila bwawa lililokopeshwa na chama liwe na daftari lake: tarehe, chakula kilichotolewa, waliokufa, rangi ya maji, uzito wa samaki 30 wa kila mwezi. Samaki si magunia ya korosho yanayohesabika ghalani. Mali hii iko chini ya maji, na bila daftari mkaguzi hana cha kukagua ila maneno. Makisio ya mfano wetu ni haya: wakipona 320 kati ya 400 na kufikia gramu 250 baada ya miezi sita hadi minane, mavuno ni kilo 80. Chakula, kwa hesabu ya kilo mbili kwa kila kilo ya samaki, ni kilo 160. Bei sikuziandika kwa makusudi. Kamati izitafute sokoni juma lile lile la kuomba mkopo, iandike pia vifaranga, chokaa, usafiri na siku za kazi, na ikiona kilo 80 hazilipi, iseme hivyo katika muhtasari wa kikao.

Baada ya kuvua, tope la chini lichimbuliwe kidogo na kupelekwa katika bustani ya mboga, bwawa lipigwe jua mpaka udongo upasuke, kisha chokaa tena. Zamu ya pili maji huwa tayari upesi kuliko ya kwanza, kwa kuwa vile vijidudu havikuhama vyote.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza. Bwawa lenu la mita 15 kwa 8 linahitaji vifaranga wangapi, na madebe mangapi ya maji hupotea maji yakishuka sentimita mbili? Kamati imetangaza sherehe ya uzinduzi tarehe 20, na maji yamejazwa tarehe 12: Katibu aandike nini kwa mgeni rasmi? Mwanachama mwenye bwawa la plastiki analalamika kwamba samaki wake hufa ijapokuwa maji ni safi na yanang'aa. Mtamwuliza nini kwanza? Na kokoro la chama likipasuka katika bwawa la mtu mmoja, gharama ya kulishona iandikwe katika daftari lipi?